Kuchagua Baiskeli na Baba Mkwe

Kabla ya baiskeli kulikuwa na fimbo. Mimi nilishika ncha moja, baba mkwe wangu akashika nyingine, na hivyo ndivyo tulivyokwenda shambani, kanisani mara moja moja, na kliniki Nyamira. Mgeni aliyetuona barabarani angedhani tunacheza. Wenyeji hawakuuliza. Walijua kwamba mzee haoni, na walijua pia kwamba baba mkwe hashiki mkono wa mke wa mwanawe. Sisi Wagusii tuna neno moja kwa haya zote za namna hiyo, chinsoni, na chinsoni haitoi ruhusa kwa sababu ya ugonjwa. Macho yakipotea, yamepotea macho tu.

Chooni alikwenda mwenyewe. Nilimfungia kamba ya katani kutoka mwimo wa mlango wake mpaka kwenye nguzo ya choo, akawa anaifuata kwa kiganja. Huko sikuwa na ruhusa ya kumpeleka hata kwa fimbo. Kamba ilikauka baada ya mvua ikalegea, nami niliikaza asubuhi akiwa bado ndani, ili asijue kwamba nimewaza safari zake za chooni. Naamini alijua. Kamba iliyokazwa hujulikana kwa mkono.

Kisukari ndicho kilichomchukulia macho, polepole, mwaka uliofuata kifo cha mama mkwe. Wanawe wa kiume wote wako Nairobi. Mabinti wameolewa, wa mbali kabisa upande wa Kenyenya, wa karibu ng'ambo ya bonde letu. Mimi wakati huo nilikuwa mtangazaji katika redio moja ndogo mjini Kisii, inayotangaza kwa Ekegusii. Nilikusanya habari za bei ya ndizi, mashamba yaliyoporomoka, ng'ombe waliopotea, na kila jioni nilisoma matangazo ya matanga. Mume wangu alinipigia simu akaniomba nirudi nyumbani kwao nimwangalie baba yake "kwa muda". Nilirudi. Muda huo hakuna aliyeutajia mwisho wake, nami sikuuliza, kwa kuwa mwanamke anayeuliza swali hilo huonekana anahesabu siku za kufa kwa mtu.

Boma letu liko kwenye mgongo wa kilima. Juu inapita barabara ya lami, chini kuna majani chai, na chini zaidi kuna mto usioonekana ila husikika. Nilizoea kutazama mambo, basi nikatazama yaliyokuwepo. Nilijua baba mkwe anaamka kwa kikohozi gani. Nilijua ng'ombe yupi anamfahamu na yupi anamwogopa. Nilijua kwamba kila alasiri, magari ya kubeba majani chai yakipita kuelekea kiwandani, yeye huinua kidevu na kuyafuata kwa uso mpaka sauti iishe, kisha hukaa hivyo hivyo, uso umeelekea mahali ambapo hakuna kitu. Huko ndiko kulikokuwa kutembea kwake.

Kisha mambo mawili yakanijia karibu pamoja. La kwanza, mhariri wangu wa zamani alipiga simu. Aliyechukua nafasi yangu alikuwa anaondoka, na walinitaka. "Nijibu kabla ya mwezi kwisha," alisema, "maana wenye kuitaka ni wengi na sauti kama yako ni chache." Nilimwambia mume wangu siku hiyo hiyo. Akasema, "Tutaona." Neno hilo, kwa mume wangu, ni kama foleni ya hospitali: unaambiwa umo, lakini haisogei.

La pili, daktari wa kliniki aliminya nyayo za mzee, akamwuliza kama anasikia, mzee akasema anasikia kidogo. Daktari akasema, "Mzee, hii miguu isipofanya kazi itafuata macho." Tuliporudi nyumbani nikashauri tutembee kila siku mpaka sokoni na kurudi, kwa fimbo. Baba akakataa.

"Mnyaribari," alisema. Ndivyo alivyoniita, kwa ukoo nilikotoka upande wa Kiogoro, kwa vile mkwe hataji jina la mke wa mwanawe. "Mimi nimekokota ng'ombe maisha yangu yote. Sitakokotwa kama ng'ombe mbele ya watu."

Nilimweleza mume wangu hayo pia. Safari hii hakusema tutaona. Aliniletea video kwenye simu: wazungu wawili, mume na mke, wamepanda baiskeli moja ndefu kando ya maji, mmoja mbele na mwingine nyuma, wote wanakanyaga. Baada ya dakika chache akapiga.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Kuna mtu kule Masimba anazo mbili za hivyo. Mwenzangu kazini ameziona kwa macho yake. Baba alikuwa mtu wa baiskeli. Atakanyaga nyuma, miguu ifanye kazi."

"Na mbele atakaa nani?"

"Wewe si unajua baiskeli?"

Ninajua. Nilijifunzia ya kaka yangu kule Kiogoro nikiwa msichana, shule ilikuwa mbali na baba yangu hakuwa na maneno mengi juu ya jambo hilo. Nilipoolewa, habari kwamba bibi harusi anapanda baiskeli ilifika kwa wakwe kabla yangu.

"Na redio?" nikamwuliza.

"Baiskeli kwanza. Redio tutaona."

Nilikaa na simu mkononi. Dawa ya miguu ya baba yake ilikuwa miguu yangu, na dawa hiyo haina siku ya mwisho ya kumezwa. Mtu akitembezwa kila asubuhi, lazima awepo wa kumtembeza kila asubuhi, na kazi ya redio nayo huanza asubuhi.

Nilimpelekea baba mkwe habari kwa namna niliyozoea kupeleka habari: nani amesema nini, kitu gani kiko wapi. Alikuwa amekaa mlangoni. Aligeuza uso.

"Breki zake ni za waya au za vyuma?"

Sikujua.

"Cheni iko upande mmoja au pande mbili?"

Sikujua hilo pia. Mtu huyu hakuwa ameniuliza swali lolote tangu mvua zilizopita, isipokuwa kama ng'ombe wamekunywa maji. Alipokuwa kijana alibeba maziwa kwa baiskeli nyeusi nzito kutoka vilima vyetu mpaka mjini, madebe mawili nyuma na moja mbele, na alikuwa na kovu kwenye ugoko kuthibitisha. Sasa alinisimulia kovu hilo lote, kona kwa kona. Nilimsikiliza nikijua kwamba kila kona inanifunga. Huzuni yake ningeweza kuikimbia. Furaha yake sikujua pa kuipitia.

Lakini nilikuwa na tumaini moja, na nalisema wazi kwa sababu lililofuata halieleweki bila hilo. Niliitazama tena ile video, nikatazama mikono ya aliyekaa nyuma. Usukani wake umefungwa chini ya kiti cha aliyekaa mbele. Mikono ya wa nyuma iko kiunoni kwa wa mbele, safari yote. Nikasema moyoni: mzee akilishika jambo hili kwa mikono yake mwenyewe, atakataa. Sitahitaji kufungua kinywa. Chinsoni itanisemea.

Jirani mmoja alikuwa anapeleka ndizi kwa pikapu, akatupitisha Masimba. Baba alikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya mikungu.

Muuzaji alikuwa na kibanda cha mabati karibu na steji ya matatu, baiskeli za mtumba zimening'inia kama nyama buchani. Alikuwa jamaa wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye sauti ya kuuzia watu watatu kwa mpigo. Alimwona mzee na fimbo, akaniona mimi nimeshika ncha ya pili, akafurahi.

"Karibu mzee! Karibu na binti yako! Leo mtarudi nyumbani mkiwa mtu mmoja."

Alizitoa zile mbili ndefu. Moja ilikuwa ya kijani, nyingine nyekundu iliyopauka. Alieleza vizuri, hilo sina budi kusema. Ile ya kijani, pedali za mbele na za nyuma zimefungwa pamoja kwa cheni upande wa kushoto. Wa mbele akikanyaga, miguu ya wa nyuma inazunguka, atake asitake. Wa nyuma akikanyaga, wa mbele naye anazungushwa. "Hapa hakuna kutegeana," alisema. "Mkilala mnalala wote, mkiamka mnaamka wote." Ile nyekundu, kila mtu ana friwili yake, meno yanayoachia pedali zisimame gurudumu likiendelea. Mmoja anaweza kukanyaga na mwingine akapumzika. "Lakini mzee, nikushauri kama mtoto wako. Chukua ya kijani. Hii nyekundu inaleta ugomvi. Mmoja anafanya kazi, mwingine anapunga hewa, hakuna anayejua."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Masimba ni mahali pa kungojea, na wanaongojea hupenda kitu cha kutazama. Tukaenda kwenye kiwanja kilicho nyuma ya maduka, muuzaji akisukuma ya kijani. Nilipanda mbele, nimevaa suruali chini ya gauni. Muuzaji akamsaidia mzee kuvusha mguu, akamketisha, kisha kwa wema tu akachukua mikono yake yote miwili akaiweka kwenye usukani wa nyuma. Vifundo vya vidole vya baba mkwe wangu vikagusa mgongo wangu chini ya kiuno.

Aliondoa mikono kama aliyeshika sufuria motoni, na baiskeli nusura itulaze. Umati ukaguna kwa pamoja.

"Wewe!" Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza ndizi aliliacha beseni lake akamjia muuzaji. "Unafanya nini? Huyo si binti yake! Huyo ni mke wa kijana wake!"

"Ai!" Muuzaji alishika kichwa. "Sasa mbona hamkusema?"

"Wataanza kukuambia vipi? Wewe huna macho? Umeona binti gani anayemshikisha baba yake fimbo?"

"Mama, hata kwetu kuna hizo. Mimi mama mkwe wangu nikimwona barabarani naingia kwenye mahindi."

"Basi ingia kwenye mahindi sasa!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka, nami sikucheka, lakini kifuani kitu kilikuwa kimelegea. Nikangoja aseme twende nyumbani. Hakusema. Alisimama akiwa ameshika kiti cha nyuma, akafikiri, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kama kuna gunia.

Gunia lilipatikana. Lilikunjwa, likaviringishwa, likafungwa kwa mpira kati ya kiti changu na usukani wake, nene kama mto wa kulalia. Yule mama wa ndizi alijifanya mkaguzi. Alipitisha mkono juu, akapitisha chini, akasema bado, likaongezwa la pili. Mwisho akasema, "Sasa kuna ukuta."

Tukaondoka kwa baiskeli ya kijani. Nilikanyaga taratibu, nikitafuta uzani wake, na mara nikahisi miguu yangu si yangu. Mzee alikuwa ameanza. Mapaja yaliyobeba maziwa hayakuwa yamesahau kitu. Alisukuma, pedali zikanichukua, magoti yangu yakapanda na kushuka kwa mwendo wake. Nikataka kupumzika, sikuweza. Nikajaribu kuzuia, yeye akasukuma zaidi akidhani ni mlima. Nyuma yangu nilisikia pumzi yake ikienda sambamba na yangu kwa sababu miili yetu ilikuwa imefungwa kwenye kazi moja. Vijana wa bodaboda wakashangilia: "Buda, kanyaga! Mathe, usiachwe!" Na kutoka ukingoni, mama wa ndizi akapaza sauti kwa Ekegusii, na kila mtu alimsikia.

"Tazameni! Mkwe na mke wa mwana, wanatwanga kinu kimoja!"

Miguu ya baba ilikufa palepale. Yangu nayo, maana ya kijani haikubakiza chaguo.

"Simamisha," alisema.

Tulishuka. Hakugeuza uso upande wangu. Alichukua fimbo yake kwa mkono mmoja na hakuninyooshea ncha ya pili. Nikafikiri, limekwisha. Nikaona meza yangu ya redio, kikombe changu chenye mpasuko, dirisha lile linalotazama maegesho. Hata nilianza kutunga jinsi ya kumwambia mume wangu: tumejaribu, imeshindikana, desturi ni desturi.

"Jaribuni hii basi," muuzaji alisema, akisukuma ile nyekundu. "Hii kila mtu na miguu yake."

Walihamisha magunia. Tukapanda. Nilikanyaga, hakuna kilichonivuta. Niliacha, hakuna kilichonisukuma. Nyuma alikanyaga kwa mwendo wake mwingine kabisa, kama mtu wa nyumba ya pili. Tulizunguka kiwanja kizima na umati haukuwa na la kusema. Mama wa ndizi alitazama kutoka pembeni akiwa amekunja mikono, kisha akatoa hukumu.

"Hiyo haina neno. Kila mtu yuko kwake."

Nilisikia tumaini langu likifungwa kwa heshima zote. Nilikuwa nimeitegemea desturi initoe nje, na sasa desturi ilikuwa imekaguliwa na magunia mawili na friwili mbili, ikaridhika. Hakukuwa tena na neno la kumwambia mume wangu. Baiskeli iliyoiacha huru miguu yangu ilikuwa imenifunga mimi mzima.

"Peleka mpaka barabarani, usikie mlima," muuzaji alisema.

Tukachukua njia ya changarawe inayopanda nyuma ya maduka, tukaacha kelele. Mlima ulipoanza, baiskeli ikawa nzito. Ikawa nzito zaidi. Nilisimama juu ya pedali.

"Baba, unakanyaga?"

"Nakanyaga."

Lakini nyuma yangu kulikuwa na sauti ndogo, tik-tik-tik-tik, sauti ya friwili isiyokanyagwa. Nimelipwa miaka mingi kwa ajili ya kusikia. Hakuwa anakanyaga. Niligeuza shingo kidogo. Alikuwa ameinua kidevu kama anavyofanya magari ya chai yakipita, ila sasa yeye ndiye aliyekuwa anapita, na upepo ulikuwa unampiga usoni, naye anatabasamu peke yake. Sijamwona hivyo kabla wala baada.

Nilivuta pumzi. Nyumbani singeweza kumwambia neno hili. Pale tungekuwa tumekaa, mimi upande wangu wa mlango na yeye upande wake, na maneno ya mke wa mwana kwa baba mkwe yana kimo chake. Huku nilikuwa nimempa mgongo, magunia katikati, na njia yote mbele yetu haina mtu.

"Baba, redio wameniita nirudi."

Tik-tik-tik. Kisha sauti ikakoma, na baiskeli ikawa nyepesi ghafla. Alikuwa ameanza kukanyaga.

"Lini?"

"Wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha."

"Mume wako anajua?"

"Anajua. Amesema tutaona."

Akatoa sauti puani, ambayo kwake ni kicheko. "Huyo hata kuzaliwa alichelewa." Tulipanda kidogo, kwa miguu minne. "Yule msichana anayesoma matanga siku hizi," akasema, "anayakimbiza majina kama anayeanua nguo mvua imefika. Watu wanazikwa sijajua ni nani aliyekufa."

"Ni mgeni, atazoea."

"Hatazoea." Akakanyaga. "Hii baiskeli, wewe ukienda, itakuwaje?"

Sikutaka kusema uongo, na sikuwa na ukweli uliokuwa mzuri. "Itakaa, Baba."

Tuligeuza juu ya kilima tukarudi tukiteremka, friwili zote mbili zikilia, kila moja kwa sauti yake.

Kwenye kiwanja aliomba aoneshwe baiskeli zote mbili kwa mikono. Alichutama kwenye ile nyekundu. Alizungusha pedali ya nyuma kwa mkono wa kulia, wa kushoto akiwa ameshika pedali ya mbele. Ya mbele haikusogea. Akahamia kwenye ya kijani, akafanya vilevile. Alizungusha nyuma, mbele ikazunguka ndani ya kiganja chake. Alirudia. Alirudia tena mpaka muuzaji akaanza kutazama wateja wengine. Kisha akainuka na kuweka mkono juu ya kiti cha ile ya kijani.

"Nachukua hii."

"Mzee!" Mama wa ndizi alikuwa hajaondoka. "Si hiyo ndiyo ya aibu?"

"Ndiyo. Ni ya aibu kwa mke wa mwana," baba alisema. "Kwa mwana si ya aibu."

Nilielewa kabla hajamaliza. "Baba," nikasema, "chukua nyekundu. Miguu yako."

"Miguu ni yangu," alinijibu. "Nipigie huyo mume wako. Weka sauti juu."

Nilipiga. Nilishika simu karibu na uso wake bila kumgusa, na nusu ya Masimba ikasogea kusikiliza.

"Baba! Mmeipata?"

"Tumeipata. Ni nzuri. Ni ile ambayo miguu ya watu wawili imefungwa pamoja."

"Baba, si kuna ile nyingine? Niliambiwa kuna ya kila mtu kivyake. Hii utapandaje na mke wangu?"

"Sitapanda naye. Haiwezekani, watu wote hapa wamekataa. Hii inataka mwanangu. Njoo uipande."

"Baba, mimi niko kazini."

"Hata mke wako ana kazi," baba alisema. "Wamemwita." Kisha akaniambia nikate.

Muuzaji alifungua kinywa aseme jambo kuhusu ile nyekundu, mama wa ndizi akamtazama, akakifunga. Nilichukua fimbo, nikamnyooshea ncha yake. Mtu akikufungulia mlango kwa kujifungia wake, hutoki ukirukaruka. Tulirudi kwenye pikapu polepole, na mimi ndiye niliyejikwaa.

Mume wangu alisema atakuja mwisho wa wiki. Haukufaa. Akasema unaofuata. Sabato ilipita, baiskeli ya kijani ikiwa imeegemezwa kwenye ukuta wa ghala la mahindi, kuku wakilala juu ya usukani wake. Baba hakuizungumzia. Nami sikuweza kumtazama bila kuitazama, ijapokuwa yeye hakuweza kujua ninatazama nini. Nilimjibu mhariri ndiyo katika siku za mwisho za mwezi, nikiwa nimekaa kwenye majani chai ili nisisikike, kama mwizi. Wifi yangu wa ng'ambo ya bonde alikubali kuwa anakuja mchana kumpakulia chakula. Mambo yalipangika, na katika kupangika kwake sikupata raha, kwa sababu kila nilipopiga hesabu upya, mtu aliyebaki amekaa mlangoni alikuwa yuleyule.

Asubuhi ya kwanza ya kazi niliamka mapema, nikakaza kamba ya choo, nikajaza uji kwenye chupa ya chai na kuiweka mahali anapopajua. Umande ulikuwa mzito na mwanga ndio kwanza unaingia kwenye migomba. Nilikuwa nimefika langoni nilipoisikia cheni.

Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Alikuwa ameiingiza baiskeli ndani, sijui kwa msaada wa nani, na gurudumu la nyuma limeinuliwa kwa gogo la mgomba kila upande, halikugusa ardhi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha nyuma, koti amevaa, mikono kwenye usukani, na alikuwa anakanyaga. Alikanyaga kwa bidii kabisa, kama mtu mwenye maziwa ya kuwahisha. Mbele yake kiti changu kilikuwa kitupu, na pedali zangu zilikuwa zinapanda na kushuka zenyewe, sawasawa na zake, bila kukosa hata moja.

Nilisimama nje ya kizingiti.

Hakugeuza uso, lakini alijua. "Mnyaribari, bado uko hapo?"

"Bado, Baba."

"Utachelewa," alisema, na hakupunguza mwendo.